Sindano Inaingia kwa Pembe Gani

Mwaka elfu mbili na kumi na tatu, matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, Kasulu ilikaa kama kuna msiba. Sifuri zilikuwa nyingi mpaka mtu aliyeambulia divisheni foo anapita mtaani kifua mbele, anataka asalimiwe kwanza. Wazazi walikuwa wanaulizana kwa kunong'ona, "Wa kwako vipi?" na jibu lilikuwa ni mtu kuangalia ndala zake.

Katikati ya msiba wote huo kulikuwa na mtu mmoja anayejisikia vizuri kabisa. Huyo ni Melkiadi. Sifuri ya Melkiadi ilikuwa ya zamani kidogo, imeshazoeleka, haimuumi tena. Tangu hapo alikuwa ameshauza dawa ya kuotesha ndevu, yeye mwenyewe kidevu kama yai. Ameshakuwa wakala wa kampuni ambayo hata yeye hakuwahi kuijua iko wapi. Mdomo alikuwa nao, jamani. Ukimpa nafasi aongee, anakuibia na wewe unasema asante.

Siku hiyo yuko stendi, anatafuna muhogo wa kuchoma, masikio ameyaelekeza kwa akina mama wawili waliokuwa wanasubiri gari.

"Mimi wangu ningempeleka hata kozi ya afya," mmoja akasema. "Hizi za cheti. Mtu wa afya hakosi kula, maana watu hawaachi kuugua."

"Wanachukua mwenye sifuri?"

"Si ndiyo shida! Wangekuwa wanachukua, mimi leo hii hii ningeuza shamba."

Melkiadi akaacha kutafuna. Muhogo ukabaki shavuni, umeduwaa pamoja naye.

Tusimsingizie. Yeye mwenyewe aliwahi kwenda kuuliza kozi ya kweli, ile ya msaidizi wa maabara. Wakamsomea: ufaulu, ada, sare, hosteli, miaka miwili ya kukaa darasani, halafu unasubiri ajira, halafu ajira ikija unapangiwa kijiji ambacho hata mtandao haujafika, halafu ndiyo mshahara. Alirudi nyumbani akajilaza, akajumlisha kinachotoka na kinachoingia. Akagundua kwamba kwenye hesabu yote ile kuna mtu mmoja tu anayepata faida tangu siku ya kwanza, na huyo ni mwenye chuo.

Basi siku ile stendi hesabu ikajibu. Cheti hakinunuliwi. Cheti kinauzwa.

Akaenda mnadani kwenye mitumba, akapata koti jeupe, refu, la heshima. Mfukoni lilikuwa limetariziwa neno kwa uzi mwekundu: BOUCHERIE. Juu ya neno kulikuwa na mchoro mdogo uliochakaa, zimebaki pembe mbili tu zimepinda kwenda juu.

"Hili la daktari?" akamuuliza muuzaji.

"Wewe unaonaje?"

Melkiadi akaona ni la daktari. Zile pembe akaziona ni zile nyaya mbili za kifaa cha kusikilizia moyo. Na neno lenyewe lilikuwa zito, halina sura ya Kiingereza, kwa hiyo lazima ni la kitaalamu. Wiki haijaisha, kwenye godauni moja la zamani la maharage pale Kasulu pakapandishwa kibao: CHUO CHA AFYA BOUCHERIE. KOZI YA CHETI CHA UTOAJI DAMU. MIEZI MITATU TU. SIFURI KARIBU.

Yeye mwenyewe neno lile alilitamka "Bucheri." Bucheri, alieleza, alikuwa profesa.

Kulikuwa na kasoro ndogo moja. Melkiadi akiona damu anaanguka. Tangu mdogo, nyumbani wakichinja kuku, yeye anajitolea kwenda kuchota maji. Lakini jina la kozi lilishapakwa rangi kwenye kibao, na rangi ni ghali. Isitoshe, mkuu wa chuo kazi yake ni kuongoza.

Na aliongoza kweli. Siku ya ufunguzi vijana wamekaa kwenye magunia, wamejikunyata na sifuri zao, Melkiadi akaingia na koti.

"Damu ina makundi," akaanza. "Kuna A, kuna B, kuna O. Ni kundi gani linaweza kumwingia binadamu yeyote?"

Vijana wakatazamana.

"O! Na O ni nini ukiiandika? Ni sifuri! Mungu mwenyewe alipotaka damu ya kuokoa watu wote, aliipa sifuri. Nyie mmefeli? Nani kasema? Nyie ndio mnaohitajika!"

Godauni likalipuka kwa makofi. Kuna binti alilia. Melkiadi mwenyewe machozi yalimlengalenga, maana akishaanza kudanganya vizuri huwa na yeye anauamini uongo wake.

Mazoezi ya vitendo yalifanyika nyuma ya godauni, kwenye migomba ya mwenye nyumba. Kila mwanafunzi na bomba lake la sindano, anachoma mgomba, anavuta utomvu. Mwenye nyumba alipotoka akakuta shamba zima la ndizi linachomwa sindano, akadhani ni kampeni ya serikali. Akauliza kama ni bure. Akaambiwa ni bure. Akashukuru.

Mlangoni alikuwa anakaa dada mmoja Mkongomani, Reine, mkimbizi wa kambi ya Nyarugusu, anayekuja mjini kwa kibali kuuza mandazi. Siku ya kwanza aliposoma kibao alicheka mpaka akakaa chini.

"Nini dada Reine?"

"Hapana, dokta. Koti inakukala muzuri. Bravo."

Melkiadi akavimba. Reine hakusema zaidi. Wanafunzi wote wale walikuwa wananunua mandazi yake, na yeye hakuwa mwendawazimu wa kufukuza wateja.

Ndipo akaja Mzee Makarius wa Titye, na binti yake Yusta, na ng'ombe.

Ng'ombe alikuwa mwekundu, pembe ndefu, anaitwa Gaju, na ndiye ng'ombe pekee wa nyumba ile. Mzee alimfunga kwenye nguzo ya kibao, akaingia, akapiga makofi taratibu kama tunavyosalimia watu wazima huku kwetu. Akaulizia afya ya Melkiadi, ya mama wa Melkiadi na ya mvua, halafu akakaa.

"Dokta, mimi si msomi. Nieleze kwa maharage." Akatoa maharage mfukoni, akaweka moja mezani. "Hii ni Gaju. Nikikupa Gaju, natoka hapa na nini?"

"Unatoka na cheti, mzee wangu."

"Cheti kinazaa?"

"Kinazaa kila mwezi! Ng'ombe anazaa kwa mwaka mara moja, tena usali asizae dume."

"Kinakula nini?"

"Hakili. Unakitia kwenye fremu, unakitundika, kinakuangalia."

"Kinaugua?"

"Mzee, cheti kinakula kwa wanaougua. Hebu fikiria. Kibondo, Kasulu, Kambi. Watu wote hao kila mmoja ana mikono miwili, na kila mkono ni bomba. Yusta kazi yake ni kufungua koki."

Mzee akasogeza lile harage kidogo, halafu akalirudisha. "Yusta aliulizia kile chuo kingine. Miaka miwili. Nikapiga hesabu, wanataka Gaju na wenzake wawili, na mimi wenzake sina. Wewe unataka Gaju peke yake, na miezi mitatu."

"Sasa hapo kuna cha kufikiria?"

"Ndicho kinachonisumbua. Hakuna cha kufikiria."

"Basi nipandishe bei ili upate amani?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa, na mtu akishacheka na Melkiadi, kwisha habari yake. Lakini binti hakucheka. Yusta alikuwa mwembamba, mpole wa kutisha, yule mtu anayekuangalia mpaka unakagua zipu.

"Baba," akasema, "Gaju akienda, sina kingine cha kusomea. Niulize swali kwanza?"

"Uliza, mwana wanje."

"Dokta, sindano ya kutoa damu inaingia kwa pembe gani?"

Melkiadi akatabasamu kwa huruma. Alijua tu, watu wa vijijini na mambo yao ya kuumikwa pembe mgongoni.

"Binti, hapa hatutumii pembe. Pembe ni za waganga wa kienyeji. Sisi hapa ni sindano tupu, kisasa."

Yusta akamwangalia. Akaangalia na mfuko wa koti. Mdomo wake ukatikisika kidogo, kama mtu anayezuia chafya.

"Nimeelewa," akasema. "Asante sana, dokta."

Alitaka kumvuta baba yake pembeni, lakini mzee alishafungua kamba, na mzee wa Kiha akishakabidhi kamba mbele ya watu, haichukui tena. Gaju akaingia chuoni.

Habari zikasambaa Titye nzima kwamba Bucheri wanapokea mifugo. Mavuno yalikuwa bado, pesa hakuna, lakini mbuzi wapo. Ndani ya muda mfupi godauni likawa na mbuzi, kondoo, kuku, na bata mmoja mkali aliyekuwa anahudhuria kuliko wanafunzi. Melkiadi anafundisha mishipa ya damu, mbuzi anakula ubao wa matangazo. Akitamka "Profesa Bucheri," Gaju anaitikia.

Siku moja akamjia Mkongomani mmoja, Kalunga, mtu mzima, kofia mkononi. Alisoma kibao, akaangalia koti, akaangalia mbuzi, akaonekana kuridhika na usafi.

"Munapima hapa?"

"Tunapima kila kitu," Melkiadi akasema.

"Basi unipimie kilo mbili. Bila mifupa."

Melkiadi akarekebisha koti. "Kilo mbili za nini?"

"Za mbuzi iko sawa. Kama ya ngombe iko, utie na maini."

"Mzee, hapa ni chuo cha afya!"

"Ndiyo, nakula juu ya afya."

Alitolewa nje kwa heshima zote, huku analalamika kwamba huduma ya Watanzania imeharibika. Reine akamwaga sinia zima la mandazi kwa kicheko, na Yusta aliyekuwa amekaa naye pale mlangoni akamsaidia kuokota, na wakaongea hapo kwa muda mrefu, vichwa pamoja. Melkiadi aliwaona. Akafurahi wanafunzi wanaelewana na jamii inayowazunguka.

Shida yake ilikuwa nyingine. Mifugo haiuziki. Mnadani pale Kasulu wanataka karatasi ya mtendaji wa kijiji inayoonyesha mnyama ametoka kwa nani, na Melkiadi angeandika nini, ametoka kwa ujinga? Amekalia mali, na mali inamnyea.

Halafu mwezi wa tano serikali ikafuta yale matokeo, ikayapanga upya. Nchi nzima watu wakalala na sifuri wakaamka na foo. Nusu ya darasa la Melkiadi ikawa na sifa za kwenda vyuo vya kweli, na wazazi wakaanza kukohoa kohoa kuhusu mbuzi wao. Yusta naye alipata, tena biolojia na kemia zote zilikaa vizuri. Chuo kile cha miaka miwili kingemchukua. Kilichobaki ni ada, na mwanzo wa ada alikuwa amefungwa kwenye godauni anatafuna kibao.

Jioni hiyo Yusta akamfuata mkuu wa chuo ofisini, yaani nyuma ya pazia.

"Dokta Melki. Tuongee kama watu wazima."

"Karibu, mwanafunzi."

"Achana na mwanafunzi. Hapa hakuna chuo. Nimejua tangu siku ya pembe. Pembe ya sindano ni ile inavyolala, kama kwenye hisabati. Wewe ukanijibu ya mbuzi."

Melkiadi akaangalia dirisha. Lilikuwa dogo.

"Usiruke, utaumia," Yusta akasema. "Sijaja kukusema. Nataka fungu."

Mtu mwingine angeshtuka. Melkiadi alipumua, akahisi kama amekutana na ndugu. Mtu anayetaka fungu ni mtu anayeeleweka.

"Fungu gani?"

"Gaju tu. Hao wengine chukua wewe."

"Wengine nitawauza wapi, dada yangu?"

"Kuna mfanyabiashara kule Mabamba, mpakani, anaitwa Nsengimana. Ananunua kwa jumla, haulizi karatasi, ana lori. Wewe fanya mahafali haraka, kabla wazazi hawajaamka. Waambie kila mzazi alete na zawadi ya mwalimu. Watu wakiwa kwenye sherehe, lori linapakia. Mimi nabaki na Gaju wangu, wewe unakwenda kulipwa Mabamba. Tusijuane."

"Yusta, wewe ulikuwa wapi siku zote?"

"Nilikuwa nachoma migomba."

Wakashikana mikono. Na hapo hapo, mkono wa binti ukiwa bado ndani ya mkono wake, Melkiadi alishaanza kumzunguka. Kweli ng'ombe mzima, mwekundu, ampe mtoto wa shule? Kesho yake akapata namba ya Nsengimana, akampigia pembeni.

"Mzee, yule binti tumtoe kwenye mpango. Lori lije alfajiri, watu bado wamelala. Pakia wote. Na Gaju."

Upande wa pili kijiko kikagonga kikombe. Halafu sauti nzito ya taratibu ikasema, "Na Gaju?"

"Hasa Gaju."

"Wewe ndiye unayesema, bwana. Mimi napakia."

Melkiadi alilala usingizi wa mtoto. Alfajiri ya siku ya mahafali alisaidia kupakia kwa mikono yake mwenyewe, na koti lake jeupe, anasukuma matako ya ng'ombe. Reine alikuwa anapita na sinia lake kichwani. Alisimama, akalitazama koti lile na ng'ombe yule kwa pamoja, akajishika mbavu.

"Leo dokta iko ku kazi yake kabisa!" akasema.

"Kazi ni wito, dada Reine!" Melkiadi akajibu, na lori likaondoka.

Mahafali yalifana. Wazazi walikuja na vitenge vipya, na kuku, na vidumu vya asali vya zawadi ya mwalimu. Melkiadi alijiandaa kutoa hotuba fupi, vyeti, halafu bodaboda iliyokuwa inamsubiri nyuma ya migomba. Akatoa hotuba. Alipoinua cheti cha kwanza, Mzee Makarius akasimama. Akapiga makofi ya heshima, taratibu.

"Dokta, tunashukuru. Lakini mimi ng'ombe nimetoa. Damu sijaona."

"Kwamba?"

"Hawa watoto wamefundishwa kutoa damu. Tumeona migomba. Mgomba hauna malalamiko. Tunataka tuone mtu."

"Ndiyo! Mtu!" wazazi wakaitikia.

"Itakuwa jambo zuri sana," Melkiadi akasema, jasho linaanza kutafuta njia, "lakini sasa mtu mwenyewe..."

"Dokta amejitolea," sauti ikasema nyuma yake. Ni Yusta, na gauni la mahafali, na trei, na pamba. "Alituambia siku zote, mwalimu wa kweli anatanguliza mkono wake."

Makofi. Makofi ya Kiha, mazito, yanayopigwa kwa pamoja, ambayo huwezi kuyakatalia bila kuonekana huna wazazi. Wakamkalisha kwenye kiti. Mtu akamkunja mkono wa koti. Melkiadi anatabasamu, meno yamekauka.

"Yusta," akanong'ona, "si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana Gaju abaki," Yusta akanong'ona huku anamfunga mpira mkononi. "Nimepita nyuma sasa hivi. Nguzo ya Gaju haina kitu."

"Naweza kueleza..."

"Kunja ngumi, dokta."

Akafuta mkono kwa pamba yenye spiriti. Ni pamba tu. Baridi kidogo. Halafu akaichukua sindano, bado ina kifuniko chake, akaiinua juu ili wazazi wote waione, na jua likapiga.

Melkiadi aliona nyeupe, akaona nyekundu ambayo haikuwepo, akamsikia bata yule mahali fulani mbali, akashuka na kiti chake.

Alipoamka alikuwa amelazwa kwenye kivuli cha migomba waliyoichoma sindano wanafunzi wake. Watu wameondoka. Kuku wameondoka, asali imeondoka. Hata koti hana, amebaki na fulana. Akajipapasa mifupa yote, hajavunjwa hata mmoja, na hilo lilimshangaza. Lakini hakusikitika. Mali iko Mabamba! Akarukia bodaboda mpaka barabarani, akadandia gari la Kibondo, njia nzima anajichekea. Maskini Yusta. Angalau amepata koti.

Mabamba alimkuta Nsengimana amekaa nje ya duka lake, mtu mnene wa taratibu, anakunywa chai.

"Amahoro, mzee! Nimekuja kuchukua changu."

"Chako kipi, bwana mdogo?"

"Mifugo! Ng'ombe, mbuzi. Ulipakia alfajiri."

"Nilipakia. Nikapeleka Titye. Nyumba kwa nyumba, kila mtu akapokea wake." Akapuliza chai. "Yule binti mama yake ni dada yangu. Hakukwambia?"

Melkiadi akatafuta pa kukaa. Hapakuwepo.

"Na sisi tulikuwa na tatizo," Nsengimana akaendelea, kwa upole kabisa. "Mpango wake ulikuwa tupakie mchana, mbele ya watu. Tukawa tunafikiria, wewe ukituona tunakata kona kwenda Titye tutakwambia nini? Halafu ukanipigia mwenyewe kwamba nije alfajiri. Mungu akubariki. Ulisukuma mpaka yule ng'ombe."

"Kwa hiyo mimi..."

"Vijana walitaka kukupiga. Makarius akakataa. Akasema aliyezimia hapigwi, mvueni koti tu."

"Koti la nini sasa! Lile la daktari, yeye atalifanyia nini?"

Nsengimana akaweka kikombe chini. Akamwangalia muda mrefu, kama mtu anayejiuliza kama mgonjwa yuko tayari kuambiwa.

"Kijana, hapa kwetu ng'ambo hiyo ni Burundi. Vibao vya Kifaransa hata mbuzi wetu wanavisoma, na wakivisoma wanakimbia. Boucherie ni bucha."

"Bucha ya..."

"Bucha. Ya nyama. Na zile pembe juu yake ni za ng'ombe."

Melkiadi akakumbuka kilo mbili bila mifupa. Akakumbuka bravo. Akakumbuka amesimama mbele ya umati, mkono kifuani, anamsifu Profesa Bucha. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alifungua mdomo na mdomo ukakosa kitu cha kusema. Nsengimana akamwonea huruma, akampa nauli ya kwendea popote, ilimradi si hapo.

Kwa kifupi, Titye wakafanya kikao. Ile mifugo ilishahesabiwa imepotea, kwa hiyo iliporudi kila mtu alikuwa na moyo mpana, na Yusta alisimama hapo akasema kwamba uokoaji nao una ada yake. Wakamwachia mbuzi kadhaa wa shukrani. Mzee Makarius akatoa maharage yake tena, akakaa nayo chini usiku na mchana, anasogeza, anarudisha. Ukichinja mbuzi ukamla, umekula mbuzi. Ukichinja mbuzi ukamuuza kwa kilo, unanunua mbuzi na robo. Koti tayari analo. Akafungua bucha, kwenye kibanda cha njiapanda, na Gaju akabaki nyumbani kuzaa, maana mzee alisema ng'ombe aliyesoma hachinjwi. Bucha ikalipa ada. Wakimbizi wakipita wanasoma mfuko wa koti, wanaingia moja kwa moja, hawahitaji kuuliza.

Melkiadi alizunguka. Tabora, Kahama, akarudi Kibondo na dili la kuuza mbegu za miti inayootesha pesa, ambayo hadithi yake tuiache. Mwaka elfu mbili na kumi na tano, mwishoni, homa ikamkamata akiwa kijijini Murungu. Homa ya kutetemeka, meno yanagongana, hata kudanganya hawezi. Wakamkokota zahanati. Akaambiwa apimwe kwanza, mlango ule.

Akaingia, akakaa, macho chini. Akaona viatu vya mpira visafi, koti jeupe ambalo mfukoni halikuandikwa kitu.

"Jina?"

Akainua uso. Alikuwa mwembamba vile vile, mpole wa kutisha vile vile. Ukutani nyuma yake kulikuwa na cheti kwenye fremu, kinamwangalia.

"Melkiadi," akasema kidogo.

"Najua. Nilikuwa nasubiri uniambie lingine." Yusta akavaa glavu. "Nyoosha mkono, dokta."

"Mzee hajambo?"

"Yuko bucha. Koti limemkaa kuliko wewe."

Akamfunga mpira. Akagusa mshipa kwa kidole, mara moja tu, akaupata. Melkiadi akaiona sindano inafunguliwa, na safari hii haikuwa na kifuniko, na hapakuwa na migomba ya kwenda kuangukia. Akili yake ikatafuta kitu cha kuchelewesha, chochote, na ikaleta cha kwanza ilichokiona.

"Subiri! Hiyo sindano... inaingia kwa pembe gani?"

Yusta akatabasamu kwa huruma.

"Hapa hatutumii pembe," akasema. "Pembe tulimwachia Gaju."